Mbeho ya Kupeperusha

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini naitikia kabisa, maana siku hizi shikamoo zenu hupitia kwanza kwenye simu ndipo zinifikie.

Juzi nilikuwa sokoni Katoro kununua dagaa. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na kile kitaa kidogo kinachoning'inia kwenye funguo, kinachotoa doa jekundu. Anapiga doa ukutani mwa duka, paka analirukia, wenzake wanakufa kwa kicheko. Alipochoka na paka akahamia kwenye kitenge changu. Nikamwita. Nikamwambia, "Mwanangu, usimmulikie mtu usoni na hiyo, utampofusha. Halafu ujue, mimi taa hiyo nimefanya nayo kazi kabla mama yako hajazaliwa."

Akanijibu kwa adabu kabisa, "Bibi, hizi zimekuja juzijuzi tu kutoka China."

Wenzake wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Nilirudi nyumbani na dagaa wangu na hasira zangu, na ndiyo maana naandika haya. Mtu akikubishia sokoni, mwandikie. Maandishi hayacheki.

Jina langu Minza, ingawa hapa mtaani najulikana kama Mama Kulwa. Nilifanya kazi katika chumba cha vipimo cha mgodi mmoja wa dhahabu kwenye vilima vya Geita, miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini. Kazi yangu ilikuwa geji. Kila kitu chenye mshale kilichoanza kusema uongo kililetwa mezani kwangu: geji za kompresa, ile mashine ya kubana hewa, geji za maji, hata saa ya mkononi ya mkubwa fulani iliyoingia mchuzi. Sheria za wakati ule hazikuruhusu mwanamke ashuke chini ya mgodi, na wazee wa kwetu nao walikuwa na maneno yao, kwamba mwamba hukasirika. Sijui kama mwamba hukasirika. Mimi nilikasirika. Hewa yote niliyoipima maishani mwangu niliipimia juu, kwa ajili ya watu waliokuwa chini, na mmoja wa watu hao alikuwa Masanja, mdogo wangu wa tumbo moja.

Nilifundishwa kazi na Fundi Jivan. Huyu alikuwa Mhindi wa Shinyanga mjini, baba yake na duka la vitambaa, ndugu zake wote wafanyabiashara, yeye akapenda bati. Alizaliwa Shinyanga, akacheza Shinyanga, na Kisukuma alikisema kuliko mimi niliyekulia Mwadui kwenye nyumba za kampuni ya almasi, ambako tulijifanya wa mjini kwa sababu tulikuwa na taa za umeme. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa Kiswahili cha shule, naye akaniitikia, "Mwangaluka, Minza. Au huko Mwadui hamsalimiani?" Nikajua nimepatikana.

Kwa Jivan hukupewa chombo mpaka ujue kinapima nini hasa. Ukimwambia, "Fundi, presha imeshuka," anakuuliza, "Presha ndiyo iliyoshuka, au mshale?" Ukisema ni mshale, anakuuliza umegonga kioo? Umepuliza mrija? Umeangalia kama mende hajaingia? Msicheke. Mende aliwahi kuingia kwenye mrija wa geji, na kutwa nzima kompresa nzima nzuri ikasimamishwa kama mgonjwa. Kuvuja kwa bomba tulikutafuta kwa povu la sabuni, na miaka ile sabuni ilipokuwa adimu Jivan alitumia utomvu wa mmea fulani wa porini, akiisema serikali kwa Kisukuma ili wakubwa wa kutoka pwani wasielewe.

Basi ikawa hivi. Feni iliyokuwa ikipeleka hewa kwenye handaki moja jipya ilikufa. Handaki lenyewe lilikuwa halijapenya upande wa pili, kwa hiyo lilikuwa kama mfuko: hewa inaingia na kutokea mdomo uleule. Humo watu wanatoboa mwamba, wanaweka baruti, wanalipua, wanarudi kuzoa mawe. Moshi wa baruti usipofukuzwa unabaki mle ndani unawasubiri. Vipuri vya feni vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni wakati ule zilikuwa kama mvua ya Septemba: zinazungumzwa tu.

Jivan akasema, "Tutatengeneza kipulizio wenyewe." Tukatengeneza. Lilikuwa bomba fupi la bati, katikati tumelibana kama shingo ya kibuyu. Kwenye shingo tukazungushia vitundu vidogo vinavyoingiza hewa ya kompresa. Hewa ile ikitoka kwa kasi inaivuta hewa nyingine iliyo nyuma yake, zinakwenda pamoja. Halina panga la kuzunguka, halina mota, halina cha kuungua. Mbele yake Jivan alilipanua mdomo ukawa mpana na mzuri, umekunjwa ukingo kwa nyundo ya mbao, kwa sababu utotoni aliwahi kuona tarumbeta la bendi kwenye harusi ya binamu yake na hakulisahau. Wachimbaji wakaliita Tarumbeta. Kwa kweli waliliita Talumbeta, maana herufi ile wengi wetu hatukukubaliana nayo.

Likapelekwa chini, likafungwa, likanguruma. Msimamizi wa kazi za chini, Bwana Salehe, mtu wa Pangani, akapiga simu ya mgodini kuuliza kama hewa inafika. Jibu likapanda: "Mbeho ipo, bosi!" Salehe akamgeukia Jivan aliyekuwa karibu. "Mbeho ndiyo nini?"

"Upepo," Jivan akasema.

"Basi upepo upo," akasema Salehe, na kazi ikaendelea. Siku ile tulikunywa chai ya sukari kabisa, na sukari wakati ule haikuwa jambo la mzaha.

Lakini Masanja akaanza kurudi nyumbani akiwa na hali mbaya. Macho mekundu, kichwa kinampasuka, chakula hataki. Tuliishi nyumba moja, na kwetu mtu akikataa ugali na maziwa ya mgando, jirani wanaitwa. Wenzake wa zamu nao walikuwa hivyohivyo. Walipolalamika, Bwana Salehe akasema upepo upo, wenyewe wamesema, kwa hiyo hayo maumivu yametoka kwenye gongo. Hapo alinichoma. Masanja wetu alikuwa mwimbaji wa kwaya, hanywi hata togwa iliyolala. Nikamuuliza, "Masanja, niambie kweli. Huko kuna hewa?"

"Mbeho ipo, dada. Ile Talumbeta yenu inapuliza mpaka tunavaa makoti. Lakini kichwa, dada, kichwa!"

Nililala na maneno hayo kama mtu aliyelala na mwiba. Chombo nimekitengeneza mimi na mwalimu wangu, kinanguruma, mdogo wangu anakisifu, na huku mdogo wangu huyohuyo anakwisha mbele ya macho yangu. Mgodini watu huanza na kichwa, halafu siku moja mmoja anakaa chini apumzike na hainuki.

Wiki hizohizo akaja Mhandisi Mtopa. Kijana wa Lindi, mwalimu wa chuo, amesoma ng'ambo na kurudi na masanduku ya mbao. Masanduku yalishuka Shinyanga kwenye treni, yakaja kwetu kwa lori, naye akasafiri nyuma ya lori ameyakumbatia, hataki kukaa mbele na dereva. Alifika mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Ndani ya masanduku mlikuwa na leza, taa ya aina ileile ya kile kitaa cha sokoni.

Alikuwa anatafuta mahali penye hewa ya kasi na fujo. Hewa inayopita taratibu, alisema, hata mtoto ataipima. Yeye anataka ile inayokwenda mbio huku inapigana yenyewe kwa yenyewe, inajikunja, inajisokota. Jivan akaniangalia, nami nikamwangalia. Tulikuwa na Tarumbeta la pili pale karakana, pacha wa lile la chini.

Tulikuwa tumejaribu kulipima wenyewe, msidhani tulikaa tu. Kuna mrija mwembamba unaouelekeza kwenye upepo, nao unasukuma maji ya rangi kwenye kioo kilichopinda. Maji yakipanda unajua kasi. Kwenye mabomba makubwa ulitufaa miaka yote. Lakini shingo ya Tarumbeta ni nyembamba. Ukiingiza mrija umeziba nusu ya njia, na upepo unaoupima si ule uliokuwepo kabla hujaleta pua yako. Tena unatetemeka. Mara ya mwisho tulipojaribu, maji mekundu yaliruka yote yakatua kwenye shati jeupe la Jivan, na mke wake hakuamini kwamba ni upepo.

"Mwanga hauzibi njia," akasema Mtopa. Maneno hayo yalinipendeza mpaka leo.

Tukatia giza chumba kwa kutundika vitu madirishani. Blanketi hazikutosha, nikatoa kanga yangu, na ilikuwa imeandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Hatukuipanga, ilikuwa ndiyo iliyokuwa safi. Tarumbeta tulilikata dirisha dogo la kioo ubavuni. Mtopa akawasha leza yake, uzi mwekundu ukakatiza chumba, umenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Akaupasua kwa kioo ukawa nyuzi mbili, akazikutanisha tena mahali padogo kama punje ya mtama, katikati ya shingo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo akili ilipo. Nyuzi mbili za mwanga huo zikikutana, pale zinapokutana panajitokeza mistari: mwanga, giza, mwanga, giza, myembamba sana, macho hayaioni. Mtopa alipoona tumekunja uso, akatuuliza tunalima nini. Pamba, tukamwambia. Akasema, vizuri, basi hayo ni matuta ya pamba. Chukua baiskeli uyakatize matuta. Ukienda polepole inagonga du... du... du. Ukienda mbio inagonga dududududu. Mtu aliyefumba macho kando ya shamba anaweza kukuambia mwendo wako kwa kusikiliza tu. Chembe ya vumbi ikikatiza matuta ya mwanga inamemeta kwa namna hiyohiyo, na ile mashine yake yenye kioo cha kijani ilihesabu kumemeta.

Halafu akaongeza, na hili alilisema wazi mwanzoni kabisa, mbele yetu wote: "Ila kifaa changu hiki hakijui baiskeli inakwenda au inarudi. Ya kwenda Mhunze na ya kutoka Mhunze zinagonga sawasawa."

Tulicheka, maana Mhunze, mji mdogo wa kwetu Shinyanga, alikuwa ameusikia kwetu. Hatukujua kwamba ametupa ufunguo.

Tukafungua kompresa. Tarumbeta likanguruma. Kioo cha kijani, kimya. Mstari umelala kama mtu aliyeshiba. Bwana Salehe, aliyekuja kutazama, akauliza kama kimeharibika. Mtopa akasema hapana, hewa yenyewe haionekani, mwanga unaona kile kilichoipanda hewa mgongoni. Hewa yetu ya kompresa ilikuwa imechujwa ikawa safi mno. Tunahitaji kuichafua.

Nikakimbia kuleta unga wa muhogo. Tukaurusha kidogokidogo nyuma ya Tarumbeta. Kioo kikaamka, lakini kasi ikatoka ndogo, ya kuaibisha. Jivan akanywea. Mtopa akachukua unga akausugua kati ya vidole. "Huu mzito," akasema. "Hewa inakurupuka hapa shingoni, unga unabaki nyuma. Tunapima uvivu wa unga." Basi tukahitaji kitu chepesi kinachokwenda na hewa bila kubishana nayo. Nikasema moshi. Moshi wa nini? Jivan akasema, kwa Kisukuma, jambo kuhusu ng'ombe, nami nikaelewa. Kwetu jioni zizini huwashwa samadi kavu kufukuza nzi, na moshi wake ni laini, unakaa hewani, hauna masizi mazito kama ya kuni. Nikawasha samadi kwenye karai. Mwalimu wa chuo, leza kutoka ng'ambo, na mavi ya ng'ombe wa Geita: sijawahi kuona timu nzuri kama ile.

Kioo cha kijani kikalipuka. Mawimbi yamebanana, mashine inahesabu mpaka inajikwaa. Mtopa akapiga hesabu zake, akapiga tena, halafu akasema kasi ile ya shingoni ni kubwa kuliko upepo wa dhoruba. Jivan akanishika mkono akautikisa kama ndio kwanza tunajuana. Bwana Salehe akapiga makofi. "Mnaona? Upepo upo. Handaki linaendelea Jumatatu kama kawaida."

Masanja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amepewa mapumziko ya kuumwa, akaja kuona taa nyekundu iliyokuwa gumzo la mgodi mzima. Akasema taratibu, "Bosi, lakini vichwa vyetu bado vinauma."

"Si ulisema mwenyewe mbeho ipo?"

"Ipo, bosi."

Mtopa akainua kichwa kutoka kwenye mashine yake. "Samahani. Mbeho ni nini?"

"Upepo," akasema Jivan.

"Baridi," nikasema mimi.

Tulisema kwa pamoja, kwa sauti moja, kama kwaya iliyofundishwa vibaya. Tukatazamana. Hakuna aliyekosea. Kwetu Usukumani neno ni hilo moja: upepo ukivuma ni mbeho, na ukitetemeka kitandani bila blanketi ni mbeho vilevile. Miaka yote tumelisema na hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Masanja," nikamwambia, "mbeho unayoisema huko chini ni ipi?"

Akajikumbatia mabega, akagonganisha meno. "Ya kutetemeka, dada. Ile ya kuvaa koti."

"Na ya kupeperusha?"

Akafikiri. "Vumbi linazunguka. Haliendi."

Kumbe ndivyo. Hewa ya kompresa ikitanuka inapoa, kila aliyewahi kushika bomba lake anajua. Vijana walikuwa wanapata baridi, wakaisema, na sisi juu tukasikia upepo, tukanywa chai.

Bwana Salehe hakutaka kuamini mara moja, na simlaumu, maana mashine ilikuwa imesema kasi ipo. Mtopa naye hakubishana. Akaanza kusogeza ile punje ya mwanga kutoka katikati ya mdomo wa Tarumbeta kwenda ukingoni, kidogo, kidogo. Katikati, kasi. Pembeni ikapungua. Ikapungua zaidi, ikawa kama hakuna. Halafu karibu kabisa na bati, ikapanda tena.

"Hata pembeni ipo!" akasema Salehe.

Hapo nikaikumbuka ile baiskeli ya Mtopa, isiyojulikana kama inakwenda au inarudi. Nikachomoa uzi wa pamba kwenye pindo la gauni langu, nikaufunga kwenye njiti, nikausogeza ukingoni pale ambapo mwanga ulisema kuna kasi. Uzi haukutoka nje. Ulilala kuelekea ndani, kwenye koo la Tarumbeta, ukitikisika. Moshi wa samadi, ukiutazama vizuri katika ule mwanga mwekundu, ulikuwa unatoka katikati kama mkuki na kurudi pembezoni kama wezi.

"Inarudi Mhunze," akasema Mtopa, kwa sauti ndogo.

Mchana kutwa tulikwenda hivyo, yeye na mwanga wake, mimi na uzi wangu. Mwanga unasema mwendo, uzi unasema njia. Kila alipopima niliweka uzi, Jivan akaweka alama ya chaki juu ya bati. Mwishowe chaki ikatuonyesha bila huruma: ule mdomo mzuri uliopanuka ghafla ndio uliokuwa unaangusha kila kitu. Hewa inayokimbia haiwezi kukata kona kali namna ile. Inaachana na ukuta, inakwenda zake katikati, na nafasi inayobaki pembeni inavuta hewa irudi. Na kwa kuwa chini lilifungwa ndani ya handaki lilelile, Tarumbeta lilikuwa linawazungushia vijana moshi wao wenyewe, ukiwa umepozwa vizuri.

Wote tuliielewa chaki, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, kwa sababu mdomo ule ulikuwa kazi ya mikono ya Jivan. Ukingo wake ungeupitisha kidole usingekwaruza popote. Alilizunguka Tarumbeta, akalipapasa. Akasema, "Lile la harusi lilipiga vizuri." Kisha akachukua mkasi wa bati na kuukata mdomo mwenyewe, kipande kwa kipande, na hakuruhusu mtu amsaidie. Niliona machozi. Akasema ni moshi wa samadi, nasi tukakubali kuwa ni moshi.

Mahali pake akaweka koni ndefu, inayopanuka polepole mno, ya kuchosha macho. Nyuma tukaunga bomba la turubai ili livute hewa kutoka njia kuu yenye hewa safi, si kutoka pale kazini. Tukarudisha leza, tukarudisha samadi. Nikazungusha uzi wangu mdomo mzima. Kila mahali ulielekea nje, umenyooka, kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Bwana Salehe akauchukua uzi kutoka mkononi mwangu, akazungusha mwenyewe. Akamgeukia Masanja na kumwambia mbele yetu sote, "Kijana, nilisema gongo. Nisamehe." Kisha akaagiza handaki lisiingiwe na mtu mpaka chombo kibadilishwe, Jumatatu iwe Jumatatu isiwe.

Siku waliyolifungua upya nilikuwa juu, kama kawaida yangu, kando ya simu ya mgodini. Walikuwa wamelipua, wamesubiri, zamu ya Masanja ndiyo ya kwanza kuingia. Jivan anasafisha miwani ambayo ni safi. Simu ikalia. Salehe akaipokea, akasikiliza, na kwa Kiswahili chake cha Pangani akauliza:

"Mbeho gani?"

Sauti ya Masanja niliisikia nikiwa nimesimama pembeni, ilivyokuwa kubwa. "Ya kupeperusha, bosi! Mwambie dada! Ya kupeperusha!"

Jioni ile alikula ugali wake, akala na wangu. Wajukuu, nimepata mengi maishani. Nimezaa mapacha, nimejenga nyumba ya bati, niliwahi hata kupeana mkono na waziri. Lakini kama mtu angeniuliza ni lini niliona fahari mpaka nikakosa pa kuiweka, ningemwambia ni jioni ile, nikimtazama mdogo wangu akilamba vidole.

Mtopa alirudi chuoni na masanduku yake, amelikumbatia moja kama alivyokuja. Kabla hajaondoka aliniomba ule uzi wa pamba. Nikamwambia hata gauni achukue. Jivan aliendelea kutengeneza koni za kuchosha macho mpaka alipostaafu, na hadi mwisho wachimbaji waliziita Talumbeta ingawa hazikufanana nalo hata kidogo. Kuanzia siku ile pale mgodini hakuna aliyeruhusiwa kusema "mbeho ipo" na kukata simu. Lazima useme ipi. Wageni walitucheka. Waliposhuka chini wao wenyewe wakaacha kucheka.

Masanja sasa ni mzee, yuko kwetu karibu na Mhunze na ng'ombe wake, bado anaimba kwaya, na bado anakula sana.

Baada ya yale ya sokoni, mjukuu wangu alinichukua kwa pikipiki kwenda kuona mashimo wanayochimba yeye na wenzake, nje kidogo ya Katoro. Sipendi yale mashimo, na nilimwambia. Juu ya shimo alikuwapo kijana mwenye kifeni kidogo, anapuliza hewa chini kwa bomba la nailoni lililoshonwa viraka. Nikamtambua. Alikuwa yule wa kitaa chekundu, na yeye akanitambua, akaficha funguo zake mfukoni. Kisha akainama shimoni akaweka mikono mdomoni, akampigia kelele mwenzake aliye chini:

"Mbeho ipo?"

Chini kukajibu, "Ipo!"

"Ya kutetemeka au ya kupeperusha?"

Nilimshika bega. Nikamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Bibi, huku ndivyo tunavyosema tu."

Niliinama pale ukingoni pamoja naye, mkono mmoja umeshika kitenge changu, tukasubiri jibu lipande.